Mikro mupya ya gitare: sauti nzito siku ya posho, sauti safi siku ya yenga

Bandugu, tuanze na jina kwanza, juu hapa Lubumbashi ukiingia mu duka ukisema "natafuta mikro ya gitare" banakuletea mikro ya kuimbia, ile ya mukono, na kable yake, na banakuuliza kama unataka na miguu yake. Mi nazungumuzia mikro ile iko mu gitare yenyewe, chini ya korde, sumaku na waya ya shaba ya kuzungushwa (ule muzunguko wa waya njo banaita bobine), njo yenyewe inasikia korde na kupeleka sauti ku jeki.

Mi niko na gitare moja tu. Siku ya posho tunakutana na barafiki mu Katuba, tunapiga rock nzito, distorshoni mpaka imbwa ya jirani inaanza kuitikia. Siku ya yenga asubui niko ku kanisa, napiga mi-solo (gitare ya kati, kati ya solo na ritmike), na pale sebene inaanza kila noti inapaswa kusikika peke yake. Gitare ni ile ile, mikro ni ile ile. Kwa hiyo batu bakiniuliza "mikro gani iko na nguvu kushinda zote?" nabaambiaka pole pole, juu ulizo hilo lilinimalizia feza zangu mara moja. Uchafu wa sauti unaongezwa, kuko pedale, kuko ampli, kuko geini. Lakini usafi ukipotelea ku mikro, hakuna kintu mbele itaurudisha.

Nilinunua mikro za sumaku ya keramiki za bei ya chini, boksi imeandikwa nguvu kubwa kubwa, nikatia mbili, mbele na nyuma. Siku ya posho kila muntu alifurahi. Siku ya yenga nikaingia moja kwa moja mu mikseri ya kanisa kama kawaida, taa nyekundu ya lini yangu ikawaka na haikuzimika, papa wa sono akashusha geini, sauti ikabaki vile vile, nzito, akordi ya noti tatu inasikika kama noti moja yenye mafua. Kisha ibada pasteri akaniita pembeni: "Mwanangu, leo gitare ilikuwa na homa?" Sikukuwa na jibu.

Sasa twende hatua kwa hatua.

Kwanza kabisa: hakikisha mikro njo mubaya kweli

Batu bengi banabadilisha mikro wakati shida iko fasi ingine. Tia korde mupya kwanza. Pima kable ingine. Zungusha volimi, kama inakwaruza kwaruza ni potensiometa ndani iko na vumbi, haina neno na mikro. Kisha angalia urefu, na hapa ukae kidogo, juu hii hatua ni bure na inaponyesha gitare nyingi sana.

Bonyeza korde ku freti ya mwisho kabisa, kamata rula ndogo, pima nafasi kati ya chini ya korde na kichwa cha chuma cha mikro. Kwa mikro za namna ya Stratocaster (gitare ya Fender) anzia karibu milimeta 2 upande wa korde nene na 1.6 upande wa korde nyembamba. Hambaka (mikro ya bobine mbili) anzia karibu milimeta 2 pande zote, kisha shusha ile ya manshi (upande wa shingo ya gitare) zaidi kuliko ile ya shevale (upande korde zinafungwa ku mwili), juu pale ku manshi korde inatikisika mukubwa zaidi. Kama mikro ya bobine moja iko karibu sana, sumaku inavuta korde, na utasikia noti za juu ku korde nene zinayumba kama hazijatyuniwa wakati tyuna inasema iko sawa. Rafiki yangu mumoja alitaka kuuza gitare yake juu ya ile shida. Tulizungusha visi mara tatu, ikaisha, hakunilipa hata soda.

Shusha mikro kidogo utapata sauti safi zaidi na hewa, panda utapata nguvu na ukali. Kaa na hii wiki moja. Kama bado hauridhike, endelea kusoma.

Ya pili: ujue uko na nini ndani

Kabla ya kutafuta ingine, fahamu ile uko nayo. Ingiza kable mu gitare, fungula volimi mpaka mwisho, kamata multimeta, tia ku alama ya kilo-om 20, gusa ncha na pembeni ya jeki ile ingine. Badilisha selektere (ile ya kuchagua mikro) utasoma kila mikro peke yake. Bobine moja ya kawaida inakuwaka kati ya 5.5 na 7, hambaka ya namna ya zamani 7.5 mpaka 8.5, zile za nguvu zinaanzia 12 hivi kupanda. Multimeta itasoma kidogo chini ya ukweli juu potensiometa ya volimi iko pembeni yake, usiogope. Ikisoma kintu isiyo na maana na nyuma ya gitare kuko nyumba ya pile, basi yako ni aktifu, nitaizungumuzia chini.

Pima pia upana. Kutoka katikati ya chuma cha korde ya kwanza mpaka katikati ya chuma cha korde ya sita: kuko hambaka za karibu milimeta 49 ao 50, hizi ni za gitare za namna ya Gibson, na kuko za karibu 53 kwa shevale za namna ya Fender na zile zenye tremolo. Ukikosea haitakufa, lakini korde za pembeni zitapita nje ya vyuma na kwa macho ni mubaya. Na kama gitare yako imechongwa kwa bobine moja, hambaka ya kawaida haitaingia bila kutoboa mbao. Usitoboe. Kuko hambaka ndogo za umbo la bobine moja, kama Hot Rails ao Little '59 ya kampuni Seymour Duncan, zinaingia mu tundu ile ile.

Kintu gani inafanya sauti

Ndani ya mikro kuko waya ya shaba nyembamba kushinda unywele. Ile ya kawaida banaiita namba 42, upana wake karibu milimeta 0.063, na inazungushwa karibu mara 5000 kwa kila bobine ya hambaka ya zamani, karibu 8000 kwa mikro ya Stratocaster. Sisi bana ya hapa tumekulia chini ya ule muchimney na ule mulima mweusi wa mabaki ya shaba, na mara ya kwanza nilifungula mikro nikaona ile waya nyekundu nikacheka peke yangu, kumbe kintu inapita mupaka wa Kasumbalesa ndani ya malori inaweza kurudi ndani ya boksi ndogo ya bei kali.

Ukizunguusha waya mingi zaidi nguvu inapanda, midi (sauti za kati) inavimba, lakini noti za juu zinashuka, kama vile umetia nguo yulu ya spika. Njo maana mikro ya nguvu sana inakuwa nzito ku sauti safi. Haiko ubaya wa fundi, ni namna bobine inafanyaka kazi.

Hapa kuko mutego: batu banasoma kilo-om kama kilo ya nyama, wakiona 16 banafikiri iko na nguvu mara mbili ya 8. Hapana. Waya namba 44 ni nyembamba zaidi, kwa hiyo inasoma om mingi hata kama sauti haijapanda vile. JB ya Seymour Duncan inasoma kilo-om 16 na zaidi, Super Distortion ya DiMarzio inasoma chini yake, karibu 13.7, na Super Distortion haiko nyuma hata kidogo kwa nguvu, juu sumaku yake ni keramiki. Om inakusaidia kulinganisha mikro mbili za waya moja na sumaku moja, basi.

Sumaku: alniko 2 ni laini, noti zinainama kidogo ukichapa nguvu. Alniko 5 iko na besi ya kukaza na juu ya kungaa. Keramiki inakata, inakaza, ni nzuri kwa kuchapa haraka na distorshoni, na ku sauti safi inaweza kuwa baridi. Kuko keramiki nzuri sana pia, usinielewe mubaya, ile yangu ya bei ya chini haikuwa mubaya juu ya keramiki, ilikuwa mubaya juu waya ilijazwa mpaka mudomo.

Na bobine mbili juu ya nini? Juu ya kelele. Kura yetu ya umeme inatikisika mara 50 kwa sekunde, na bobine moja inasikia ile mngurumo, pamoja na taa za neoni na jenereta ya jirani, kisha distorshoni inaikuza mpaka inakuwa memba wa kundi. Seth Lover wa Gibson aliweka bobine mbili zenye kupingana, kelele inajiua, sauti inabaki. Aliomba haki ya uvumbuzi mwaka 1955, gitare zikaanza kutoka nayo 1957. Kisha mwaka 1972 Larry DiMarzio akatoa Super Distortion, mikro ya kununua peke yake na kutia mwenyewe, na ile kazi tunafanya leo ku meza ya jikoni ilipatia pale nguvu.

Sasa kuchagua

Maoni yangu, na nimebishana nayo na batu bengi: tia nguvu ku shevale, tia upole ku manshi. Ku shevale korde inatikisika kidogo, sauti iko nyembamba, inaweza kubeba waya mingi. Ku manshi korde tayari iko na besi ya kutosha, ukitia mikro ya nguvu pale unapata matope.

Kwa muntu kama mi, posho na yenga, ningechukua ku shevale hambaka ya kati ao ya juu kidogo, alniko 5, kilo-om 9 mpaka 14 kama waya ni 42 ao 43, na ku manshi hambaka ya upole ya 7.5 hivi. JB ku shevale na Jazz (pia ya Seymour Duncan) ku manshi ni ndoa ya siku mingi, imechezwa kila namna ya muziki, na mi mwenyewe njo nilimalizia pale. Kama unaona JB inapiga kelele mu masikio, kwa gitare ya mbao nyepesi inafanyikaka, chukua Custom ya Seymour Duncan ao Super Distortion, hizi ziko na chini ya kukaza zaidi. Kama distorshoni kwako ni ya rock tu na haiko ya metali, usiende hata huko, hambaka ya namna ya PAF, ile ya zamani ya Gibson, ya kilo-om 8 na pedale muzuri itakutosha na ku kanisa watakushukuru.

Kama gitare yako ni hambaka moja nyuma na bobine moja mbili mbele, acha zile za mbele. Kwa mi-solo hakuna kintu inashinda bobine moja ku manshi. Jean-Bosco Mwenda, ule Hugh Tracey alirekodi ku Likasi mwaka 1952 wakati muji ungali unaitwa Jadotville, alikuwa na gitare ya mbao bila kura yoyote, kidole gumba na kidole cha pili, na kila noti unaihesabu. Nikichagua mikro ya manshi njo sauti ile natafutaka. Badilisha ile ya shevale peke yake, utabakisha nusu ya feza.

Aktifu, kama EMG 81, iko na ampli ndogo ndani na pile ya volti 9. Kelele karibu hakuna, distorshoni inakaza kama boti. James Hetfield wa Metallica anajulikana kwa 81 ku shevale na 60 ku manshi, na ile 60 ku sauti safi ni muzuri kweli, kwa hiyo usiamini batu banasema aktifu haina usafi. Mimi sipendi juu ya sababu ya hapa: ukisahau kutosha jeki, pile inaendelea kuliwa hata gitare imelala, na siku ya yenga asubui kutafuta pile ya volti 9 ya kweli, haiko ile ya kufa nusu saa, ni kazi. Kuko pia Fishman Fluence, inatoka na sauti mbili ndani ya mikro moja, bei yake tuache.

Potensiometa na waya

Hii banairukaka na kisha banalaumu mikro. Hambaka inataka potensiometa ya kilo-om 500, bobine moja 250, aktifu 25. Ukitia hambaka ku 250 itakuwa na giza, ukitia bobine moja ku 500 itakata masikio. Soma nyuma ya ile iko ndani, imeandikwa A500K ao B250K.

Na ukinunua hambaka, uliza ile ya waya ine. Zile za waya moja na kifuniko cha nyuzi ya chuma ni muzuri kwa macho ya zamani lakini haukate bobine. Na waya ine unatia potensiometa ya kuvuta na kusukuma, ukivuta bobine moja inazimika, hambaka inakuwa bobine moja, na ile njo sauti safi ya bure. Itashuka nguvu na kelele itarudi, lakini ku kanisa bila distorshoni hausikie.

Ukienda kununua beba multimeta mu mufuko. Zile za jina zenye kuuzwa bei ya sambusa, pima om, linganisha na ile kampuni inaandika yenyewe ku intaneti. Mikro imeandikwa JB na inasoma 7 haiko JB. Muuzaji akikataa upime, toka.

Kuingiza

Piga foto ya ndani kabla ya kugusa kintu. Piga ingine. Fera ya kuchomelea ya wati 40 inatosha, risasi ya 60/40, na kitambaa yulu ya gitare juu risasi ikianguka ku rangi imebaki pale milele, muulize gitare yangu.

Kazi ngumu ni nyuma ya potensiometa, fasi ya masi (njia ya kurudi ya umeme). Kwaruza kwanza na tupa ndogo ao karatasi ya msasa mpaka chuma kingae. Weka ncha ya fera ikae, hesabu pole pole mpaka nne ao tano, gusisha risasi ku chuma, haiko ku fera, na utaona: mwanzo inakaa kama tone la mayi ku jani ya muhogo, mviringo, haitaki kushika, kisha kwa gafla inalala, inaenea, inangaa. Pale njo ushike waya na utoshe fera, na usipulize, usitikise, iache ijigandishe. Kama imekuwa ya kijivu na ya mabonge, rudilia. Ukikaa sana kushinda sekunde kumi hivi, unapika potensiometa ndani.

Rangi za waya hazifanane kwa kila kampuni, na hapa batu banalia. Seymour Duncan: nyeusi njo sauti, nyeupe na nyekundu unafunga pamoja, kijani na ile ya uchi zinaenda ku masi. DiMarzio: nyekundu njo sauti, nyeusi na nyeupe pamoja, kijani na uchi ku masi. Ile mbili za kufunga pamoja njo utapeleka ku potensiometa ya kuvuta kama unataka kukata bobine. Usisahau waya yenye kutoka ku shevale ya gitare kwenda ku masi, ikikatika utasikia mngurumo ile hainyamaze hata ukigusa korde. Aktifu za EMG njo hazitaki ile waya.

Mi kisha kumaliza nilifurahi, shevale peke yake muzuri, manshi peke yake muzuri, nikatia selektere katikati, sauti ikawa nyembamba kama radio ndogo ndani ya sufuria. Nikafikiri nimechoma mikro. Papa mumoja fundi wa radio mu komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, alicheka, "mwana, mikro zako zinasukumana." Zilikuwa za kampuni mbili, moja inasukuma wakati ingine inavuta. Pima mbele ya kuchomelea: unganisha multimeta ku mikro, weka turnevisi ya chuma yulu ya vyuma vyake, itoshe kwa gafla, angalia kama namba inaruka kupanda ao kushuka. Fanya vile vile na ingine, waya ya sauti ku nyekundu ya multimeta mara zote mbili. Zikienda njia moja, sawa. Zikipingana, ku ile ya waya ine geuza waya ya sauti na ile ya kijani tu, ya uchi inabaki ku masi.

Kisha kufunga

Tia korde, rudilia hatua ya urefu toka mwanzo, juu mikro mupya haina urefu wa ile ya zamani. Usipime ku nyumba tu. Pima mu ampli na distorshoni kubwa: ukisimamisha mukono na gitare inapiga mluzi mkali hata volimi ya ampli ikiwa kidogo, mikro haikuzamishwa muzuri mu nta, ni ya kurudisha dukani. Kisha pima mu mikseri bila pedale, chapa nguvu yote akordi ya sol, taa nyekundu ikiwaka shusha mikro ya shevale nusu ya mzunguko wa visi, rudilia, mpaka iwake tu ukichapa kama mwenda wazimu. Yangu ilitaka mizunguko mbili na nusu.

Mikro za zamani tia mu mufuko, andika yulu yake "shevale" na "manshi" na namba za om. Zile zangu za keramiki nilizipa mudogo wangu, yeye hapigake ku kanisa.